Uzi Mweupe Mkononi mwa Tekla

Rasbura, Lindi
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Katekista Cletus,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba. Mama naye mpe shikamoo yake, na Lukas mwambie dada yake hajasahau madaftari aliyoniagiza, yapo kabatini yanamsubiri. Goti lako linaendeleaje na hizi mvua? Mama aliniambia ufuta umeota vizuri isipokuwa ule upande wa bondeni uliosombwa na maji, na kwamba siku hizi unapalilia ukiwa umekaa kwenye kigoda, unakisogeza mstari hadi mstari. Nilicheka kwanza, halafu nikasikitika. Usijilazimishe, Baba.

Huku mwili wangu ni mzima. Shangazi Martina ni mzima, ila hali chakula kama zamani. Tekla bado yuko wodini, lakini tangu jana anakaa mwenyewe kitandani, na leo asubuhi amelalamika kwamba uji wa hospitali hauna ndimu. Muuguzi amesema mgonjwa akianza kulalamikia uji, basi anapona.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimempa Mzee Fakihi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli hapo Kitomanga, aliyekuja mjini kufunga mzigo. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Akaniuliza kama ni barua ya posa, mbona bahasha imegundishwa hivyo. Nikatazama chini, naye akacheka akasema basi ataibeba kwenye kofia isipate unyevu.

Ninaandika kwa sababu ya Jumapili. Ulipopiga simu, Shangazi aliweka spika, ukaniuliza kama kuna jambo lolote nililoliona humu ndani kuhusu dawa za Tekla na ule uzi. Sikujibu. Ukasema haloo, haloo, mtandao wa Lindi bwana, kisha ukakata. Mtandao ulikuwa mzima, Baba. Ni mimi niliyenyamaza.

Jumamosi hii unakuja kwenye kikao cha familia. Mama ameniambia kwamba kaka Leonadi anataka kumtoa mwanawe Tekla kwa Shangazi, mama yake, ampeleke Mtwara, na kwamba wewe umeanza kukubaliana naye. Wewe ndiye mjomba wa Leonadi, na ukishasema hakuna atakayesema tena. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapanda gari.

Ilianza Jumanne ya wiki iliyopita. Tekla alirudi shule akiwa ameshikilia kuta za watu njia nzima. Selimundu ilikuwa imempanda mapajani na kifuani. Shangazi alimkanda kwa maji ya moto kama anavyomkanda siku zote, lakini alasiri macho ya mtoto yalikuwa manjano, ikaitwa bajaji. Daktari alisema damu imeshuka sana, akaongezewa siku hiyo hiyo. Halafu akauliza kama mtoto anakunywa dawa zake kila siku. Shangazi aliapa kwamba anampa kwa mkono wake kila asubuhi baada ya chai, kapsuli na kile kidonge cha njano, na hajaruka hata siku moja. Daktari hakubishana naye. Alisema tu, kwa upole, kwamba damu haisemi hivyo.

Muuguzi alipogeuza mkono wa Tekla kutafuta mshipa, akakuta uzi mweupe una mafundo matatu, umeshaanza kuwa wa kijivu kwa uchafu. Akauliza huu ni wa nini. Shangazi aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema hajui. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nikiwa nimeshika chupa ya chai.

Kaka Leonadi alifika Alhamisi, shati lake bado linanuka dizeli ya lori. Baba, usimwone mbaya. Alilia ukutani kama mtoto. Lakini alipoambiwa habari za dawa na kuonyeshwa uzi, alimgeukia mama yake mbele ya watu wote wa wodi akamuuliza kumbe siku hizi mama amefungua kilinge, na mganga gani huyo aliyemkataza mjukuu dawa za hospitali. Alimkumbusha habari za mke wake, mama yake Tekla, aliyezungushwa kwa waganga mpaka akafa wakati ugonjwa wake unajulikana. Aliukata uzi kwa wembe, akaufunga kwenye karatasi, akasema atauweka mezani siku ya kikao.

Unamjua dada yako. Hakuna muuza samaki Rasbura nzima asiyeuogopa ulimi wake. Siku ile hakujibu neno. Alikunja kanga yake mapajani akakaa. Na tangu hapo wanawake wa jumuiya wakija kumpa pole wanaondoka wakinong'ona mlangoni kwamba kumbe na kukaa kote kule benchi la mbele kanisani.

Sasa inabidi nikueleze kazi yangu kwa Padre Stefano, kwa sababu nilipokuja huku ulifurahi kwamba nitakuwa karibu na mzee aliyekufundisha ukatekista. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anasubiri kupasuliwa. Kwa hiyo siku tatu kwa wiki nakwenda kumfutia vumbi vitabu na kumsomea. Ananiita Miwani. Akinisikia mlangoni anasema, Miwani imefika, leo tutaona mbali. Mbele yake sauti yangu hutoka, labda kwa sababu hanioni usoni. Ndiye aliyenipendekeza nifundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Mwezi wa kwanza alitaka nimsomee habari za Kanisa la karne za mwanzo. Wewe ulitufundisha kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na moyo mmoja. Nilipomwambia hivyo, Padre alitabasamu akasema walikuwa na moyo mmoja na mabishano mengi. Akanieleza kwamba katika karne ya pili walikuwapo waliokuja kuitwa Wagnostiki, yaani wenye ujuzi. Hawakuwa wapagani waliosimama nje wakirusha mawe. Wengi wao walibatizwa, walisali, walilitaja jina la Yesu kwa mapenzi, na waliketi katika ibada moja na wenzao. Mmoja wao, Valentino, alifundisha Roma kwenyewe. Hawakuwa na fundisho moja, kila mwalimu alikuwa na lake, lakini mengi yalifanana. Walisema yapo maneno ambayo Yesu aliwapa wachache faraghani, na kuyajua hayo ndiko kunakookoa. Walisema Mungu wa kweli yuko juu mno, ni nuru tupu, wala hakuiumba dunia hii. Aliyeiumba ni mwingine, wa chini, asiyejua kwamba juu yake yupo mkubwa zaidi, na huyo ndiye aliyetengeneza miili yetu inayouma na kuoza. Ila ndani ya baadhi ya watu imo cheche ya ile nuru, imefungiwa kama mfungwa. Mtu akijua hivyo, ameanza kutoka.

Padre alisema kwa karne nyingi watu waliwajua zaidi kwa maneno ya wapinzani wao, kama Askofu Ireneo. Halafu mwaka 1945, huko Misri, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea wakakuta mtungi. Ndani mlikuwa na vitabu vyenye majalada ya ngozi, maandishi ya Wagnostiki wenyewe, vimefukiwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Kitabu nilichokuwa nikimsomea kinasimulia kwamba kurasa nyingine ziliishia kuwashia tanuri la mikate. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea. Padre akauliza kama mende wamekula ukurasa.

Sijui nikuelezeje kwa nini jambo hilo lilinishika hivyo. Labda kwa sababu ya unyago. Sikukulaumu ulipokataa nisipelekwe na wenzangu kule Kiranjeranje kwa akina mama wadogo. Wewe ni katekista na ulikuwa na sababu zako. Lakini hukuwapo kisimani Grace na Stella waliporudi, wamepakwa mafuta, wamevaa kanga mpya, wanatembea taratibu kama watu wazima. Walikuwa rafiki zangu. Nilipofika na ndoo wakanyamaza. Stella akasema huyu mtoto hajui kitu, mwacheni ateke maji aende zake. Wakacheka wote, na mimi nikateka maji nikaenda. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku ile, watu wakinyamaza ninapoingia mahali, nadhani kuna kitu wanakijua. Kwa hiyo nilipokuta watu wa kale waliosema upo ujuzi wa wachache, nilitaka uwe wangu. Nilirudi nyumbani nikijihisi mrefu.

Baba, sasa nimefika nilipokuwa nakwepa kufika.

Katikati ya mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba Mungu aliumba mtu, akaona ni vyema sana. Tekla alikuwa ametoka kuugua siku nne. Mchana tukakaa nyuma ya nyumba tukimenya mihogo. Akaniuliza, dada Nata, Mungu alipoangalia akaona vyema, aliiangalia na damu yangu, au alipofika kwangu alikuwa ameshachoka kuangalia? Wewe ungemjibu. Mimi nilimpa lile nililolisoma. Nilimwambia kuhusu nuru ya juu, na kuhusu yule wa chini aliyetengeneza miili bila kujua anachofanya. Akaacha kumenya. Akasema kumbe mimi nilitengenezwa na fundi kanjanja! Akacheka mpaka akajishika mbavu, nami nikacheka. Alikuwa hajacheka wiki nzima. Nilijiona nimempa dawa.

Ningeishia hapo labda yasingetokea haya. Lakini nilimwambia kwamba maneno hayo si ya kila mtu. Nilimnawisha uso kwa maji ya mtungi. Nikaingia ndani nikakata uzi mweupe, ule ambao Shangazi anadarizia vitambaa vya altare, nikamfunga mkononi, juu ya kiwiko panapofunikwa na nguo, kwa mafundo matatu: la mwili, la nafsi na la roho. Nikamwambia yeye ni mmoja wa watu wa roho. Nikamwapisha asimwambie yeyote ambaye hajafundishwa, hata Bibi yake. Niliyabuni yote hayo, Baba. Mimi ambaye sijaingia unyagoni niliutengeneza wa kwangu, kwa yale niliyokuwa nikiyawaza kila waliponyamaza mbele yangu, na mwali wangu alikuwa mtoto mgonjwa wa miaka kumi na mmoja.

Sikumwambia aache dawa. Nataka uniamini, ingawa najua hainisaidii. Tekla alifikiri zaidi yangu. Ijumaa iliyopita, nilipotumwa nyumbani kuwapa kuku chakula, niliona kifuu cha nazi chini ya banda. Kilikuwa na kapsuli na vidonge vya njano, vingine vimelowa vimegandamana. Alikuwa anavificha chini ya ulimi mpaka Bibi yake ageuke. Jumamosi nilimuuliza tukiwa wawili tu. Hakuona aibu hata kidogo. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ndogo, mfungwa anayetaka kutoka anaipaka jela rangi ya nini. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akasema daktari hajafundishwa. Alitunza siri yangu mpaka damu ikamwishia.

Basi iko hivi, Baba. Shangazi Martina hajampeleka Tekla kwa mganga yeyote. Hajaacha kumpa dawa hata siku moja. Uzi ule ni wangu. Uongo ule ni wangu. Mtoto alikaribia kufa kwa neno nililompa mimi, na tangu Alhamisi nimemwangalia dada yako akiitwa mshirikina nikiwa nimeshika chupa ya chai.

Jumatatu nilikwenda kwa Padre nikamwambia yote. Akasema sehemu ya kosa ni yake, kwa kuwa alinisomesha swali akaahirisha jibu. Alisema Wagnostiki waliuliza lile ambalo kila anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa huliuliza, na ndiyo maana Kanisa halikuwamaliza kwa kelele moja. Lilishindana nao kwa vizazi, na katika kushindana huko likajifunza kulisema wazi lile linaloliamini: kwamba aliyeumba mwili ndiye huyo huyo aliyeuvaa, akaona njaa, akatoka damu. Alisema hilo halifuti swali la Tekla, ila linamwambia kwamba hayuko peke yake na damu yake. Na akaniambia jambo lingine la Ireneo, kwamba walichokijua Mitume walikifundisha hadharani, kikongwe na mtoto wakikisikia sawasawa. Akasema ujuzi ambao mtoto anaapishwa amfiche bibi anayemkanda, tuutazame mara mbili kabla ya kuuita nuru.

Nilimuuliza kama nikiungama itatosha. Akasema niungame, tena mapema, lakini dhambi yangu ndiyo ya kitubioni. Jina zuri la Shangazi si la kufichwa humo. Amesemwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu.

Jana mchana nilirudi nyumbani kufua nguo za Tekla. Juu ya kitanda changu nilikuta kibonge cha uzi mweupe, sindano imechomekwa. Shangazi alikuwa mlangoni. Akasema kitambaa cha Pasaka hakijaisha, na kwa kuwa naona naupenda uzi wake, heri nijifunze kuushona. Ndipo nilipojua kwamba tangu muuguzi alipougeuza ule mkono, alijua. Anaujua uzi wake. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Nilipoweza kusema nikamuuliza kwa nini alimwacha kaka Leonadi amtukane vile. Akasema Leonadi ni mwanawe, atapiga kelele na jioni atauliza kama kuna ugali. Lakini wewe Baba, mdogo wake, una binti mmoja tu, na kila Jumapili unasimama mbele ya kigango kizima. Halafu akasema alikuwa anasubiri aone kama nina mdomo.

Baadaye nilikwenda wodini nikamfungua Tekla kiapo. Nilimwambia nilikosea, kwamba mwili wake si jela, kwamba amwambie Bibi yake kila kitu. Akafikiri. Akaniuliza sasa yeye si wa nuru tena? Nikasema ni wa nuru, na Bibi ni wa nuru, na yule muuguzi pia, hakuna aliyebaki nje. Akauliza basi aliyemtengeneza ni nani. Nikamwambia ni yule yule aliyeitengeneza mikono ya Bibi inayomkanda. Akasema sawa, lakini angeiangalia damu mara ya pili. Nilimwambia hilo amuulize Babu Cletus Jumamosi, kwa hiyo jiandae. Akameza kapsuli, akafungua mdomo wazi kabisa na kuinua ulimi ili nione.

Ombi langu ni hili. Barua hii isome kwa sauti kwenye kikao, kaka Leonadi akiwapo, na wale akina mama wa jumuiya kama watakuwapo. Kaka akiuweka uzi mezani, mimi nitasimama niseme ni wangu. Nisipoweza, hapa nimeshasema. Tekla asitolewe kwa Bibi yake. Mtwara kaka ana chumba kimoja, na akienda Tunduru na lori anakaa wiki mbili. Mtoto ataachwa kwa majirani wasiojua kwamba akiomba maji kwa sauti ya chini ndipo maumivu yanapoanza. Shangazi anajua. Kuhusu mimi, kufundisha watoto nimeshaacha, nimemwambia Padre. Ukiona nirudi Kitomanga, nitarudi. Ukiona nibaki nishone kitambaa na kumwangalia Tekla akimeza dawa, nitabaki. Adhabu yoyote utakayoitoa ni haki yangu, ila usimpe mtu mwingine.

Msalimie Mama, na umwambie polepole, asije akaisikia kwanza kwa watu. Wasalimie wote wa kigango, wakikubali salamu zangu. Goti lifunge kitambaa kabla ya safari, na ukae kiti cha mbele.

Na ukinipigia simu kabla ya Jumamosi, Baba, nikinyamaza usikate. Ngoja kidogo. Nitasema.

Ni mimi mwanao,
Natalia